Chuo kipi kwa shahada ya biashara? Hesabu ianzie ghalani

MWEZI Julai huwakuta wakulima wengi wa Tanzania na mambo mawili mezani kwa wakati mmoja. La kwanza ni mavuno. Mpunga wa Mbarali na Kilombero umeshapigwa, mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanaingia ghalani, na madalali wanapita vijijini na fedha taslimu wakijua fika kwamba huo ndio wakati bei iko chini. La pili ni matokeo ya kidato cha sita, ambayo Baraza la Mitihani hutangaza mwezi huo huo. Baada ya hapo dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa, na nyumba iliyokuwa ikizungumzia magunia huanza kuzungumzia ada.

Mambo hayo mawili yanakutana katika mfuko mmoja. Mzazi mwenye heka chache za mpunga na duka dogo kando ya barabara hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana gunia, ana ng'ombe, ana mzunguko wa duka. Kijana wake anaposema amefaulu na anataka kusoma shahada ya biashara, swali la chuo kipi ni swali la mtaji wa familia kwa miaka mitatu ijayo.

Hata hivyo, familia nyingi hulijibu swali hilo kwa siku moja, na mara nyingi kwa kufuata jina. Chuo ambacho mjomba alisoma, chuo kinachotajwa sana redioni, au chuo ambacho marafiki wa kijana wamekubaliana kwenda pamoja. Mfugaji hawezi kununua ng'ombe wa maziwa namna hiyo. Ataulizia mama yake alikuwa anatoa lita ngapi, amezaa mara ngapi, anakula nini na kama malisho ya kijijini kwake yatamfaa. Kuchagua chuo kunahitaji maswali ya aina hiyo hiyo.

Kwanza, kijana atarudi kufanya nini?

Shahada ya biashara ni jina la jumla. Ndani yake kuna uhasibu, fedha na benki, masoko, ununuzi na ugavi, rasilimali watu, ujasiriamali, usimamizi wa ushirika na biashara ya kilimo. Vijana wawili wanaweza kusema wote wanasoma biashara, lakini mmoja akatoka akiwa na uwezo wa kukagua vitabu vya kampuni, na mwingine akawa na uwezo wa kupanga namna ya kuuza tani 50 za alizeti. Kazi hizo hazifanani na soko lake halifanani.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la chuo chochote, mzazi na kijana wakae waulizane. Je, lengo ni kuajiriwa benki au katika halmashauri? Je, ni kuwa mhasibu aliyesajiliwa? Je, ni kurudi kuendesha duka la pembejeo la familia na kulikuza? Au ni kufanya kazi na vyama vya ushirika vya mazao, yaani AMCOS, na vyama vya kuweka na kukopa vya SACCOS?

Anayelenga uhasibu, kwa mfano, lazima ajue kwamba shahada peke yake haimfanyi kuwa CPA. Atatakiwa kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na kwa kawaida mwenye shahada ya uhasibu huanzia hatua ya juu kuliko mwenye shahada nyingine. Anayelenga ununuzi na ugavi naye ana bodi yake, PSPTB. Kijana akisoma usimamizi wa biashara kwa jumla halafu baadaye akataka uhasibu, atalipa muda na fedha mara ya pili.

Vyuo vya umma na asili zake

Vyuo vya umma vinavyotoa shahada za biashara ni vingi kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na kila kimoja kina asili yake. Asili hiyo husaidia kueleza kwa nini chuo kimoja kina nguvu mahali fulani kuliko kingine.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kikongwe zaidi. Kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Kitivo chake cha Biashara na Menejimenti kilianzishwa mwaka 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Faida yake kubwa ni mji wenyewe. Dar es Salaam ndipo penye bandari kubwa, makao makuu ya benki nyingi na Soko la Hisa lililoanza biashara mwaka 1998. Kijana anayetaka kufanya kazi katika fedha au kampuni kubwa atakuwa karibu na milango anayotaka kuigonga. Gharama yake ni mji huo huo. Hosteli mpya zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017 zina nafasi 3,840, lakini si kila mwanafunzi hupata kitanda, na anayekosa hupanga mtaani kwa bei za mtaani.

Chuo Kikuu Mzumbe kipo chini ya milima ya Uluguru, nje ya mji wa Morogoro kwenye njia ya kwenda Iringa. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Kwa asili hiyo kimejijengea jina katika utawala, uhasibu na usimamizi wa fedha za umma. Kina kampasi pia Mbeya na Dar es Salaam. Kwa mzazi wa Rungwe, Mbozi au Mbarali, kampasi ya Mbeya ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kijana anaweza kurudi nyumbani wikendi akapewa debe la mchele na kuokoa fedha ya chakula.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kipo mjini Morogoro. Kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo. Wengi wanapoisikia SUA hufikiria mabwana shamba na madaktari wa mifugo tu. Wanasahau kwamba hapo hufundishwa shahada ya uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo. Mwanafunzi hujifunza bei za mazao, masoko, mikopo ya kilimo na namna ya kuandika mchanganuo wa mradi wa shamba. Kwa kijana anayetaka kurudi kwenye mnyororo wa mpunga, maziwa au mboga, masomo hayo yako karibu na maisha yake kuliko shahada ya jumla ya biashara.

Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, MoCU, nacho hupitwa na macho ya wengi. Kilianza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, katika mkoa ambao wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu mwaka 1933. Kilikuwa chuo kishiriki cha SUA kuanzia mwaka 2004, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kinafundisha uhasibu na fedha, usimamizi wa ushirika na fedha ndogondogo, na kina tawi Kizumbi mkoani Shinyanga. Mkulima aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa AMCOS akasikia mahesabu yasiyoeleweka anajua kwa nini ushirika unahitaji watu waliosomea kazi hiyo.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007. Ni kikubwa kwa eneo na kwa mabweni, na kipo katika mji ambao serikali ilihamishia shughuli zake. Kijana anayelenga kazi katika wizara, tume na mashirika ya umma atakuwa karibu nazo wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani. Hiki ni chuo cha mtu ambaye hawezi kuondoka nyumbani. Mwenye duka, mwenye shamba la kuangaliwa au mama mwenye watoto wadogo anaweza kusoma shahada ya usimamizi wa biashara huku akiendelea na kazi, akachukua masomo machache kwa wakati kadiri mfuko unavyoruhusu. Anachohitaji ni nidhamu, kwa maana hakuna kengele ya kumwamsha wala mwenzake wa chumbani wa kumsukuma.

Mbali na vyuo vikuu hivyo, kuna taasisi za umma kama Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, cha mwaka 1972. Hazina jina la chuo kikuu, lakini zinatoa shahada zinazotambuliwa. Zinatoa pia astashahada na stashahada, njia ambayo inamfaa kijana ambaye alama zake za kidato cha sita hazikutosha.

Alama zinasema nini?

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayoweka kiwango cha chini cha kujiunga na shahada. Kwa utaratibu wa jumla, mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu kamili, yaani kati ya A na E, katika masomo mawili, na jumla ya pointi zisizopungua 4. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili ana pointi 4. Mwenye C na E naye anazo 4. Wahitimu wa mwaka 2014 na 2015, ambao walipangiwa madaraja tofauti, wana utaratibu wao.

Hapo ndipo wengi hukosea. Pointi zinazohesabiwa ni za masomo ambayo programu husika inayataka. Kijana anaweza kuwa na pointi nyingi, lakini zikawa zimetoka kwenye somo ambalo shahada aliyoomba hailitambui. Aidha, shahada nyingi za biashara huangalia Hisabati. Kijana wa mchepuo wa ECA au EGM ana njia pana. Wa mchepuo usiokuwa na Hisabati aangalie kwanza cheti chake cha kidato cha nne kabla ya kulipia maombi.

Mwenye stashahada naye ana mlango wake. Anatakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0 na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne. Baadhi ya programu hutaka zaidi ya hapo.

Kiwango cha chini si ahadi ya nafasi. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha programu za kila chuo, masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Shahada nyingi za biashara huchukua miaka mitatu, lakini si vyema kudhani. Mwaka mmoja wa ziada ni mavuno ya msimu mzima.

Hesabu kwa magunia

Wazazi wengi hulinganisha ada na ada. Kumbe katika vyuo vya umma ada mara nyingi siyo inayotofautisha gharama zaidi. Kinachotofautisha ni chumba, chakula na nauli.

Chukua mfano wa familia ya mkulima wa mpunga Mbarali yenye kijana aliyekubaliwa vyuo viwili, kimoja Dar es Salaam na kingine mkoani karibu na nyumbani. Takwimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, na kila familia iweke bei halisi za mahali pake.

Tuseme ada ni Sh1,500,000 kwa mwaka katika vyuo vyote viwili, na vitabu, kunakili na bando la intaneti ni Sh250,000. Dar es Salaam kijana anapanga chumba kwa Sh70,000 kwa mwezi, anakula kwa Sh6,000 kwa siku, yaani Sh180,000 kwa mwezi, na daladala inamgharimu Sh30,000. Jumla ni Sh280,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane ya masomo inafika Sh2,240,000. Safari nne za basi kwa Sh50,000 kila moja ni Sh200,000. Mwaka mmoja unagharimu Sh4,190,000.

Karibu na nyumbani chumba ni Sh40,000, chakula Sh4,500 kwa siku, yaani Sh135,000 kwa mwezi, na usafiri Sh15,000. Jumla ni Sh190,000 kwa mwezi, au Sh1,520,000 kwa miezi minane. Safari nne za Sh10,000 ni Sh40,000. Ukiongeza ada na vitabu, mwaka mmoja unagharimu Sh3,310,000.

Tofauti ni Sh880,000 kwa mwaka na Sh2,640,000 kwa miaka mitatu. Ikiwa gunia la mpunga linauzwa Sh80,000 wakati wa mavuno, tofauti hiyo ni magunia 11 kila mwaka, au magunia 33 hadi kijana avae joho.

Hiyo haina maana kwamba chuo cha karibu ndicho bora daima. Kijana anayelenga benki kubwa au kampuni za bandarini anaweza kuona magunia 33 ni bei ya haki kwa kuishi miaka mitatu katika mji wenye kazi hizo. Lakini ni lazima familia ijue kwamba inainunua nafasi hiyo, na inajua kwa shilingi ngapi. Anayetaka kurudi kusimamia ghala la mpunga la familia atajiuliza kama magunia hayo 33 yasingefaa zaidi kubaki kama mtaji wa kuanzia.

Kalenda ya ada na kalenda ya mazao

Jambo la pili katika hesabu hiyo ni wakati. Vyuo vingi hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Mkulima wa mpunga au mahindi anayesubiri barua ya udahili ndipo ahangaike, hujikuta anauza mazao yote kwa haraka, tena kwa mnunuzi anayeona shida yake usoni.

Katika mfano ule ule wa chuo cha Dar es Salaam, Sh4,190,000 ni zaidi ya magunia 52 kwa bei ya Sh80,000. Iwapo bei itapanda hadi Sh110,000 ifikapo Februari, fedha hiyo hiyo ni kama magunia 38. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba bei itapanda kila mwaka, na kuhifadhi kuna hatari ya panya, unyevu na wadudu. Lakini vyuo vingi huruhusu ada kulipwa kwa awamu, muhula kwa muhula. Mzazi anayelijua hilo mapema anaweza kuuza mazao ya kutosha muhula wa kwanza tu, na mengine akayaweka katika ghala la AMCOS au ghala linaloaminika hadi muhula wa pili.

Mazao mengine yana kalenda rafiki zaidi. Minada ya korosho ya Mtwara na Lindi huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, hivyo fedha hukaribiana na kufunguliwa kwa vyuo. Mkulima wa pamba wa Simiyu, ambaye msimu wake wa kuuza huanza Mei, huwa na fedha mapema mno. Hatari yake ni kwamba itakuwa imekwisha ifikapo Oktoba. Huyo ni vyema aweke ya ada katika akaunti tofauti siku ile ile anapolipwa. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana kipato kidogo cha kila wiki, ambacho kinafaa zaidi kwa fedha ya chakula kuliko kwa ada ya mkupuo.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila chuo si ada ni shilingi ngapi tu. Ni kwamba inalipwa kwa awamu ngapi, awamu ya kwanza ni kiasi gani, na tarehe ya mwisho ni lini. Chuo chenye utaratibu unaoendana na mazao ya familia kinaweza kuwa nafuu kuliko chenye ada ndogo inayotakiwa yote kwa pamoja.

Mkopo siyo zawadi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Familia nyingi hupanga mambo yao zikiwa na uhakika kwamba mkopo utapatikana. Huo ni mpango wa hatari. Maombi ya mkopo ni tofauti na maombi ya chuo, yana dirisha lake, na anayekubaliwa chuo hapati mkopo moja kwa moja. Aidha, si kila anayepata hupata wote. Mwingine hupewa sehemu tu ya ada, na familia hutakiwa kujazia.

Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji hutakiwa kuhakikiwa na RITA, na kwa yatima hali kadhalika cheti cha kifo cha mzazi. Kazi hiyo huchukua muda. Anayeianza wakati dirisha limeshafunguliwa hukuta foleni. Anayeianza mara baada ya mitihani ya Mei hulala usingizi.

Mkopo hulipwa. Mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa Sh800,000 hukatwa Sh120,000. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilalamikiwa na wengi, iliondolewa mwaka 2021. Deni lenyewe lilibaki. Anayerudi kufanya biashara yake mwenyewe naye anawajibika kulipa, hivyo deni hilo liingizwe katika mchanganuo wa duka au shamba tangu siku ya kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuamua

Mzazi anayeweza kufunga safari hadi chuoni, au kumtuma ndugu aliye mji huo, atapata majibu ambayo hayamo katika vipeperushi. Wa kuulizwa kwanza ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa kuwa wao hawana cha kuuza.

Waulizwe mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi na nani huwatafutia nafasi, chuo au mwanafunzi mwenyewe. Waulizwe darasa moja lina wanafunzi wangapi, na kama mwanafunzi anaweza kumfikia mhadhiri akiwa na swali. Waulizwe kama wanajifunza kutumia programu za uhasibu katika kompyuta au wanaandika nadharia tu. Waulizwe nani hupata bweni baada ya mwaka wa kwanza, na chumba cha mtaani kinalipwa miezi mingapi kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita, na hapo ndipo bajeti ya muhula wa kwanza huvunjika.

Mwisho, waulizwe waliowatangulia wako wapi. Si jibu la mtu mmoja aliyepata kazi nzuri, bali la kundi zima la marafiki zao waliohitimu mwaka uliopita. Shahada haitoi ajira kwa lazima, na hilo ni kweli kwa kila chuo. Lakini kuna tofauti kati ya mhitimu aliyekaa nyumbani akisubiri tangazo na yule ambaye masomo yake yalimpa kitu cha kuanzia.

Tahadhari wakati wa kutuma maombi

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa chuo, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama ilivyokuwa kati ya 2010 na 2017. Maana yake kijana anaweza kuchaguliwa vyuo viwili au vitatu. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba maalumu, ambayo hutumwa kwa namba ya simu au barua pepe aliyojaza wakati wa kuomba.

Wengi hupoteza nafasi hapo. Kijana hujaziwa fomu katika kibanda cha stesheni mjini, na mwenye kibanda huweka namba yake mwenyewe ya simu au barua pepe aliyoibuni. Namba ya uthibitisho inapokuja, haimfikii mwenyewe. Kijana aweke namba yake au ya mzazi wake, aandike neno la siri katika daftari, na asiibadilishe laini hadi atakapokuwa chuoni. Na mtu yeyote anayeomba fedha ili kumhakikishia nafasi huyo ni tapeli. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo chenyewe.

Kuwa na nafasi mbili mkononi ni jambo jema, lakini siku za kuthibitisha ni chache. Familia ambayo haijafanya hesabu hadi siku hiyo itarudi kwenye jina.

Daftari la familia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla dirisha halijafunguliwa, mzazi na kijana wachukue daftari la duka, wafungue ukurasa mpya na kuchora safu nne. Ya kwanza iwe kazi ambayo kijana anailenga. Ya pili iwe programu na chuo kinachoifundisha, pamoja na masomo kinayotaka. Ya tatu iwe gharama ya mwaka mzima, pamoja na chumba, chakula na nauli. Ya nne iwe fedha itatoka wapi na mwezi gani: magunia mangapi, maziwa ya miezi mingapi, na mkopo ukikosekana itakuwaje.

Chuo ambacho safu zake zote nne zimejazwa bila kudanganyana ndicho cha kuandikwa kwanza katika maombi. Ikiwa safu ya nne haijai kwa chuo chochote, bado kuna Chuo Kikuu Huria, kuna stashahada, na kuna kusubiri msimu mmoja huku kijana akisimamia duka na kuweka akiba. Kusubiri mwaka mmoja ni bora kuliko kuanza Oktoba na kurudi nyumbani Machi kwa kukosa ada ya muhula wa pili, wakati magunia yote yaliuzwa Julai.